Mama aliniuliza: unalipa nauli kwenda kuona majani makavu? (Uzi wa wikiendi zangu Ujerumani)

Mwana wa Bangwe

Wakuu, habari za jioni.

Juzi nilipanda treni Tabora kurudi nyumbani Kigoma. Kulipopambazuka tulikuwa tumeshaiacha Kaliua, nikafungua dirisha nipate hewa, nikaona pori limewaka. Siyo moto, ni rangi. Mvua haijadondoka hata tone, nyasi chini zimechomwa zimebaki majivu, lakini juu miti imevaa majani mekundu, mengine ya shaba, mengine ya waridi kabisa kama sare ya chekechea. Mama mmoja aliyekaa mbele yangu akimenya muhogo akaniuliza, "Baba, kuna nini huko nje mpaka chai inapoa?" Nikashindwa kumjibu. Jibu lake lina miaka miwili ndani yake, tiketi ya yuro 49 na jozi moja ya viatu iliyokufa. Nimeona nilishushe humu.

Nilikuwa Göttingen, Ujerumani, kimasomo, kuanzia Septemba 2023. Baridi niliambiwa. Chakula niliambiwa. Ubaguzi niliambiwa mpaka nikachoka. Kitu ambacho hakuna aliyenitajia ni Jumapili. Kule Jumapili maduka yanafungwa kwa sheria, mtaa unanyamaza kama kuna msiba ambao hukualikwa. Huku kwetu Jumapili huna nafasi: ibada, harusi, mgonjwa wa kumwona, ukitoka hapo unashuka Kibirizi kuangalia mitumbwi. Kule nilikaa chumbani nikisikiliza friji ikikoroma. Wikiendi ya kwanza nilipika wali mara tatu kwa siku, na sikuwa na njaa.

Sasa pale jikoni hosteli wenyeji walikuwa na swali moja la kuulizana: "Umeshaenda msituni?" Herbst inakuja, yaani majira yao ya vuli, na majani yakigeuka kila mtu anatoka. Nikajiambia haya, mimi nami nina sababu ya kutoka. Kulikuwa na tiketi ya mwezi, Deutschlandticket, yuro 49, unapanda treni za mikoa, mabasi na tramu nchi nzima. Zile treni za kasi hazimo. Nikainunua, na kuanzia hapo kila Jumamosi nilikuwa mwindaji wa majani.

Naendelea, nipeni dakika nimalizie ugali.

Mama Migebuka

Nakaa siti ya mbele kabisa. Tupia picha basi, uzi bila picha haunogi.

Kanyenye Damu

Huyu alipelekwa shule akaenda kuangalia majani. Ndiyo maana Waha mnachelewa.

Mwalimu Kasulu

Kabla hujaendelea, ndugu yangu. Usiite vuli. Vuli ni mvua za Oktoba hadi Disemba, na ni za watu wa pwani na kaskazini. Sisi sehemu kubwa ya Kigoma, na hao wa Tabora, tuna msimu mmoja tu wa mvua, Novemba mpaka Aprili. Sasa unachukua jina la mvua ambayo sisi wenyewe hatuna, unaibandika kwenye majani makavu ya Mjerumani.

Mwana wa Bangwe

Mwalimu, nimekubali, fimbo moja inatosha. Nitasema majira ya kupukutika.

Safari ya kwanza, Jumamosi ya mwisho ya Septemba. Nilikuwa nimesikia sifa za milima ya Harz, nikachukua treni mpaka Bad Harzburg, halafu basi linalopanda mpaka mahali panaitwa Torfhaus. Kutoka hapo unatembea kama kilomita 8 kwenda kilele cha Brocken, mita 1,141. Kuna treni ya moshi inayopanda juu kutokea upande wa pili, nzuri sana, ila ina nauli yake na mfuko wangu ulikataa.

Nikatembea. Wakuu, niliona mlima mzima umegeuka! Miti imesimama ya kahawia, ya kijivu, hekta kwa hekta. Nikapiga picha kama sabini. Nikarusha kwenye grupu la ukoo: "Jamani, huku majani yamebadilika, angalieni kazi ya Mungu." Shangazi akajibu kwa amina tano.

Tukiwa tunapumzika njiani, mzee mmoja Mjerumani na mke wake wakaniona navyokazana na simu. Akaniuliza kwa upole ninapiga nini. Nikamwambia rangi za Herbst. Akakaa kimya kidogo, kisha akanieleza kwamba ile ni misonobari iliyokufa. Ukame ulioanza 2018 uliidhoofisha, wakaja mbawakawa wanaotoboa chini ya gome, wakaimaliza. Na misonobari ile haipukutiki kila mwaka hata kidogo, hukaa kijani mwaka mzima. Yaani nilikuwa napiga picha msibani nikidhani niko harusini. Miti ya kupukutika yenyewe, ile michache niliyoipita kule chini, ilikuwa bado kijani kabisa.

Usiku mama akapiga simu. Nikamweleza safari yote, basi, mlima, upepo. Akanisikiliza mpaka mwisho halafu ndiyo akaniuliza, "Sasa mwanangu, unalipa nauli kwenda kuona majani makavu?" Mkumbuke nyumbani kwetu kuna miembe miwili. Mama anafagia majani makavu kila siku alfajiri tangu nizaliwe.

Mama Migebuka

Nimecheka mpaka dagaa wameungua.

Kanyenye Damu

Amina za shangazi zirudishwe.

Binti Ujiji

Kaka umenikumbusha mbali. Mimi niko Finland mwaka wa nne. Huku zile rangi zina jina lake, ruska, na watu wanafunga safari kwenda Lapland kule juu kaskazini kuiona. Inaanza huko kwenye nusu ya kwanza ya Septemba, na siyo miti peke yake, vichaka vya ardhini navyo vinakuwa vyekundu, unatembea kama umetandikiwa zulia. Halafu inashuka kusini. Ukiikosa kaskazini unaisubiri huku chini. Nilijifunza baada ya kuikosa mwaka mzima. Nilikwenda Oktoba nikapokelewa na theluji.

Mwana wa Bangwe

Dada Binti Ujiji, hapo umegusa chenyewe. Mimi nilikuwa natafuta kwa tarehe. Naangalia kalenda, nasema Oktoba ni majira, nakwenda. Lakini majani nayo yanakwenda kama dagaa. Mvuvi wa Kibirizi hakuambii tarehe, anakuambia giza la mwezi. Mbalamwezi ikiwa kubwa karabai haina kazi, analala. Majani vilevile: yanaanza juu mlimani na kaskazini kwenye baridi, yanashuka. Na kila mti una zamu yake. Mbetula hutangulia na njano. Mwaloni unachelewa, unakuwa kahawia na kung'ang'ania majani wakati wenzake wote wako uchi. Kuna mmoja nao unafanana na msonobari, ukanichanganya tena, unaitwa Lärche, huo ndiyo wa sindano lakini unageuka dhahabu na kupukutika kabisa. Nilipouona mara ya kwanza nikasema masikini, mbawakawa wamefika na hapa.

Ya kuchekesha zaidi ni hii. Göttingen mji wa zamani umezungukwa na boma la udongo, juu yake kuna njia ya miguu na miti mikubwa. Oktoba njia inajaa mbegu nzuri, kubwa kama gololi ya bao la wakubwa, kahawia inayong'aa utadhani zimepakwa mafuta. Na mjini nilikuwa nimeona mtu anauza zinazofanana nazo, wanaziita Kastanie, zimechomwa, gramu chache bei ya kuku. Nikasema Mzungu mjinga, ananunua kitu kinachookotwa. Nikajaza mfuko, nikaoka jikoni. Niliuma moja. Chungu wakuu, mwarobaini ni asali. Mkameruni wa chumba cha pili akaingia akipiga kelele niteme. Kumbe ile niliyookota siyo jamaa yake hata kidogo, zinafanana sura tu, ina sumu, ukila unaumwa tumbo vibaya. Ya kuliwa inakaa ndani ya ganda lenye miiba mingi myembamba kama ya nungunungu mchanga, na ina kishungi kidogo kwenye ncha. Mwenye mtoto ughaibuni mwambieni.

Mzee Stesheni

Nimesoma yote. Vijana wa siku hizi mnaandika vizuri. Nimefanya kazi reli miaka thelathini na moja, Kigoma, Uvinza, Tabora. Rangi hiyo unayoisema naijua. Tulikuwa tukiiona tunasema mafundi wa njia wajiandae, mvua iko karibu.

Mwana wa Bangwe

Shikamoo mzee wangu. Hapo ndipo ninapokwenda, ila niruhusu nimalize Ulaya kwanza.

Mzee Stesheni

Marahaba. Endelea.

Mwana wa Bangwe

Niliyapata. Jumapili ya mwisho ya Oktoba 2023, msitu wa Hainich, Thuringia. Ni msitu wa miti inayoitwa Buche, mmoja wa misitu ya aina hiyo iliyoingizwa kwenye urithi wa dunia mwaka 2011. Na siku yenyewe ilianza na kituko, kwa sababu usiku huo ndiyo wanarudisha saa nyuma. Saa tisa usiku ikifika inageuzwa kuwa saa nane. Simu inajirekebisha yenyewe, lakini mimi nilikuwa natumia saa ya mkononi ya marehemu baba. Nikafika stesheni saa kumi na mbili asubuhi, kumbe ni kumi na moja. Saa nzima nimesimama kwenye jukwaa, mikono kwapani, peke yangu na njiwa. Nikaanza kupiga hesabu: jana Kigoma walikuwa mbele yangu saa moja, leo wako mbele saa mbili. Mama sasa hivi anafagia. Nikampigia. Alikuwa anafagia kweli, nikasikia ufagio wa chelewa unavyokwaruza ardhi. Hatukuongea mengi. Nilimwambia aweke simu mfukoni aendelee tu, nisikilize.

Hainich wamejenga daraja la kutembea juu ya miti, na mnara wake una mita 44. Unapanda ngazi ndani ya majani, halafu unatokeza juu yake. Sikuwahi kuutazama msitu kutoka juu namna ile. Njano, shaba, kahawia ya chai ya maziwa, kijani iliyokataa kuondoka, inakwenda mpaka upeo wa macho, na ukungu umelala katikati. Watu wote wanaongea kwa kunong'ona, sijui nani aliwaambia.

Nikachuma moja. Nisameheni wahifadhi, lilikuwa limeshakatika limeshikwa na utando wa buibui. Ukubwa wake kama kiganja cha mtoto. Pembezoni limeiva shaba kama andazi lililozidi moto kidogo, lakini kufuata mishipa katikati bado kuna mistari ya kijani, mmoja mmoja, kama mtu alikuwa anazima taa nyumba nzima akabakisha korido. Na kwenye kikonyo, pale liliposhikana na tawi, pamekatika sawasawa, pasafi, kama kwa wembe. Jani la mwembe likianguka hata sijawahi kulitazama mwisho wake.

Nililiweka kwenye daftari. Ninalo mpaka leo.

Bwana Nyuki wa Sikonge

Mkuu, hapo kwenye kikonyo niongezee, maana ndiyo kazi yangu misitu na nyuki. Lile jani halikuvunjwa na upepo. Mti wenyewe unajenga ukuta mwembamba kati ya tawi na kikonyo, unalifungia maji, na kidonda kinakuwa kimeshapona kabla jani halijaanguka. Siku zinapofupika na baridi kuingia, mti unaacha kutengeneza klorofili, ile kijani. Njano ilikuwemo ndani muda wote, ilifunikwa tu. Nyekundu ndiyo tofauti, hiyo inatengenezwa upya wakati huohuo, inaitwa anthosianini, na inakolea mwaka wenye mchana wa jua na usiku wa baridi.

Sasa sikia. Uliyoyaona baada ya Kaliua ni miyombo, mitundu, miba. Nyekundu yake ni hiyohiyo anthosianini. Ila wewe Ulaya uliliona jani likiaga, huku umeliona likizaliwa. Miti yetu inapukutika kiangazi, halafu Septemba na Oktoba, kabla mvua haijaja, jua kali kuliko wakati wowote, inatoa majani mapya. Inatumia maji iliyoyahifadhi na mizizi iliyokwenda chini sana. Jani changa linatoka jekundu kwa sababu kijani bado haijajaa, na wengi wetu tunaamini wekundu huo unalikinga na jua. Wiki chache tu linapita kwenye shaba, linakuwa kijani kama mengine. Ukichelewa umekosa, kama huko kwenu Ujerumani.

Kanyenye Damu

"Kwenu Ujerumani" hahaha. Lakini bwana nyuki nimekaa Tabora tangu kuzaliwa, hilo jambo la majani kutangulia mvua ndiyo nalifikiria leo. Nilikuwa naona tu.

Mwana wa Bangwe

Bwana Nyuki ubarikiwe. Mimi pia nilikuwa naona tu. Nimesoma bweni Tabora miaka miwili, nimepanda treni hiyo kila likizo, na sikumbuki hata siku moja nikitoa kichwa dirishani kwa ajili ya mti. Nilikuwa natoa kichwa kununua asali na karanga.

Nina safari moja zaidi ya kusimulia, ile ya mbali. Mwaka wa pili, Novemba 2024, majani yalikuwa yanakwisha na mimi nilikuwa nimechoka. Nikaona nitumie tiketi yangu kwenda Papenburg. Mnaojua mmeshajua. Kwa treni za mikoa ni karibu siku nzima, unabadilisha Hannover, halafu Leer, na treni za kule nazo zinachelewa, msidanganywe. Papenburg ndipo ilipojengwa Liemba, meli yetu ya Ziwa Tanganyika, mwaka 1913, kwenye karakana ya Meyer. Waliiunda, wakaifungua, wakaipakia kwenye masanduku, ikaja kwa bahari mpaka Dar es Salaam.

Mzee Stesheni

Masanduku kama 5,000. Na kutoka Dar ikaja kwa reli yetu hii hii, iliyofika Kigoma 1914. Ikaungwa upya hapa, ikashuka majini 1915, jina lake Graf von Götzen. Wajerumani wakaizamisha wenyewe 1916 wasimwachie adui, lakini waliipaka grisi mashine zote kwanza. Mwingereza akaja kuiibua 1924, na 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba.

Mwana wa Bangwe

Asante mzee. Mji wenyewe umepasuliwa na mifereji, meli za zamani za matanga zimeegeshwa katikati ya barabara za maduka kama daladala. Miti ya kando ilikuwa imebaki fimbo tupu. Majani yote yalikuwa ndani ya mfereji, ya njano, yametanda juu ya maji meusi hata huoni maji, na bata anapita anachora njia, njia inajifunga nyuma yake. Hapo nilikaa kwenye benchi nikala mkate wangu. Duka la mikate lilikuwa wazi, mama muuzaji akaniuliza natoka wapi. Huwa nasema Tanzania, au nikiona uso wa kutoelewa nasema Afrika. Siku ile nikasema tu Kigoma. Akasema, "Aa, kwenye meli." Hakuna mtu mwingine aliyewahi kuijua Kigoma nikiwa kule, miezi yote. Akanipa kipande cha keki ya tufaha, hakuchukua hela.

Nikarudi nimefika saa saba usiku. Friji lilikuwa linakoroma.

Binti Ujiji

Kaka, hapo kwenye friji umenimaliza. Mimi yangu nimeipa jina.

Mama Migebuka

Tumesoma, tumelia, tumecheka. PICHA ZIKO WAPI?

Mwana wa Bangwe

Dada Migebuka, ukweli ni kwamba simu iliyokuwa na picha zote ilitumbukia Kibirizi mwezi wa nne, nikivuka kutoka mtumbwi mmoja kwenda mwingine. Zilizobaki ni zile sabini za misonobari iliyokufa kwenye grupu la ukoo. Ila jani la Hainich ninalo. Kesho nalipiga picha naliweka hapa.

Kanyenye Damu

Kabla ya kesho, hii safari ya kuona miyombo tunaifanyaje? Mimi nina pikipiki. Nikitoka mjini alfajiri kwenda upande wa Sikonge naona nini?

Bwana Nyuki wa Sikonge

Unaona, na njoo wiki hii au ijayo, isipite hapo. Usisimame mjini wala kwenye mashamba ya tumbaku, kule miti ilishakuwa kuni za kukaushia. Ingia ndani kwenye hifadhi, omba ruhusa kijijini. Asubuhi kabla ya saa tatu ndiyo mwanga mzuri, jua likipenya jani kwa nyuma. Ukisikia mvumo juu ya kichwa usipige honi, ni watu wangu wako kazini.

Mzee Stesheni

Wa Kigoma wapande treni, wakae upande wa kaskazini, jua lisiwapige usoni. Na dirisha lifunguliwe kabla ya Nguruka.

Mama Migebuka

Mimi nakuja na dagaa wa njiani. Tusubiri jani kwanza.

Mwana wa Bangwe

Wakuu, nimerudi. Daftari nimelipata, jani sijaliona. Nimetikisa kurasa zote. Nikaenda kumuuliza mama, yuko uani na ufagio wake. Kasema, "Lile kavu lililodondoka nilipokuwa napangusa kabati? Si nilifagia pamoja na ya mwembe."